Kutoka Kilimia hadi Roma: namna ya kupata nafasi kwenye shule na mikutano ya astronomia

Ujumbe huu huniijia mara nyingi, kutoka kwa vijana waliomaliza fizikia Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi, Eldoret: "Shikamoo kaka. Naipenda sana astronomia. Nafasi zinapatikana wapi?" Nafasi zipo, na nitazitaja. Ila nimewahi kukaa upande wa wanaosoma maombi, na nilichokiona huko ndicho kilichonifanya niandike mwongozo huu kwa mpangilio huu. Anayechaguliwa, mara nyingi, ni yule aliyekuwa na kazi mkononi kabla tangazo halijatoka. Kwa hiyo tunaanza na kazi, tangazo litafuata.

Hatua ya kwanza: pima umbali wa Kilimia

Maombi mengi hufunguliwa kwa sentensi kwamba mwombaji amezipenda nyota tangu utotoni. Naamini ni kweli, lakini msomaji mwenye maombi mia mbili mezani hawezi kumtofautisha huyu na yule kwa sentensi hiyo. Anayeandika "nilipakua data za Gaia, nikapima umbali wa kundi moja la nyota, nikapata jibu hili, na jambo hili bado linanitatiza" hukumbukwa mpaka mwisho wa kikao.

Huhitaji darubini. Gaia ni chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichorushwa Desemba 2013, na toleo lake la tatu la data, lililotoka tarehe 13 Juni 2022, lina nyota takriban bilioni 1.8. Ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mimi huwashauri wanaoanza wachukue Kilimia, lile kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Pleiades, kwa sababu kila mtu wa kwetu anaweza kutoka nje jioni ya Desemba akakiona kwa macho, na kwa sababu wazee walikifuatilia kabla yetu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkulima aliyesema hivyo alikuwa anatunza kumbukumbu za anga.

Fanya hivi. Ingia kwenye hifadhi ya data ya Gaia na uombe nyota zilizo ndani ya nyuzi 2 kutoka RA 56.75, Dec +24.12 (RA na Dec ni anwani ya nyota angani, kama longitudo na latitudo). Usipakue zote, utamaliza bando bure. Weka masharti kule kule kwenye ombi lako: paralaksi (kuyumba kidogo kwa nyota machoni petu Dunia inapolizunguka Jua, kunakotupa umbali wake) iwe kati ya 6.5 na 8.5, na mwendo wa nyota angani uwe karibu na +20 upande wa RA na −45 upande wa Dec, vyote kwa milisekunde za tao, kipimo kidogo sana cha pembe, mwendo ukihesabiwa kwa mwaka. Nyota za kundi moja husafiri pamoja kama msafara. Zile zisizokwenda na wenzake ni wapita njia waliotokea tu kuwa mbele au nyuma yake, na masharti haya huwaondoa wengi wao. Utabaki na faili dogo linalofunguka hata kwenye kompyuta ya zamani, kwa TOPCAT, programu ya kusoma majedwali ya nyota, au kwa lugha ya Python na maktaba yake ya Astropy, zote za bure.

Chora mchoro wa paralaksi. Utaona kilima chenye kilele karibu na 7.4. Gawanya 1000 kwa 7.4, unapata paseki 135, sawa na miaka ya nuru 440 hivi. Mwanga unaouona leo ulitoka huko Wareno wakiwa hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Mara ya kwanza nilipoipata namba hiyo mwenyewe, saa saba usiku, nilitoka nje kukitazama Kilimia tena.

Sasa, namba hiyo inajulikana, hakuna atakayekupa tuzo kwa kuirudia. Inakuwa kazi yako pale unapouliza swali linalofuata. Hipparcos, chombo kilichotangulia Gaia, kilitoa umbali wa paseki 120 hivi, na ubishi ukadumu miaka mingi kwa sababu mbinu nyingine zilisema zaidi ya 130. Je, nyota zako zinaonyesha kundi lina unene kiasi gani? Zile zenye RUWE (namba ya Gaia inayoonyesha ubora wa kipimo cha nyota) inayozidi 1.4, dalili kwamba huenda ni nyota pacha zilizoshindwa kutenganishwa, zimekaa wapi ndani ya kundi? Chagua swali moja. Andika kurasa tatu, weka michoro miwili, pandisha programu uliyoiandika kwenye tovuti ya GitHub, mahali inapoonekana. Miezi miwili ya jioni inatosha.

Hatua ya pili: ijue kalenda

Kwa mikutano, chanzo ninachokiamini ni orodha ya dunia nzima inayotunzwa na kituo cha data za astronomia cha Kanada, kule Victoria. Ifungue kila mwanzo wa mwezi.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki ningeanza na mkutano wa kila mwaka wa Jumuiya ya Astronomia ya Afrika, AfAS, ambao mara nyingi hufanyika Machi. Ni mahali pazuri pa kusimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na imewezekana zaidi ya mara moja kushiriki kwa mtandao bila kukata tiketi.

Kwa shule fupi, mwenye shahada ya kwanza au anayeisoma atazame PASEA, shule ya Afrika ya wanaastronomia chipukizi, iliyoanzia Nigeria mwaka 2013 kwa ajili ya Afrika Magharibi na sasa inapokea bara zima. Aliyefika uzamili au uzamivu atazame ISYA, shule ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, IAU, inayoendeshwa tangu 1967. Hukaa takriban wiki tatu, kila safari katika nchi tofauti, na watu hutoka pale na marafiki wa maisha. Asiyeanza uzamivu anaweza pia kujaribu LEAPS ya Leiden, Uholanzi, ambako mwanafunzi hupewa utafiti wa majira ya kiangazi chini ya msimamizi mmoja.

Hapa soma mstari wa uraia kwa makini. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa, pamoja na Botswana, Ghana, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Mkenya kwa hiyo ana milango ambayo Mtanzania au Mganda hana: mafunzo ya astronomia ya redio ya DARA, na ufadhili wa masomo unaohusiana na MeerKAT, darubini ya sahani 64 iliyoko Karoo ambayo itamezwa ndani ya SKA-Mid, sehemu ya SKA iliyoko Afrika Kusini, yenye sahani 197. Inauma ukiwa upande wa pili wa mpaka, mimi nilikuwa huko. Njia iliyonisaidia ni kumwandikia msimamizi moja kwa moja katika vyuo vinavyoshiriki NASSP, programu ya taifa ya Afrika Kusini ya masomo ya astrofizikia na sayansi ya anga, nikiwa na zile kurasa tatu mkononi.

Kwa waliomaliza uzamivu: nafasi nyingi za kazi duniani hupita kwenye daftari la ajira la Jumuiya ya Astronomia ya Marekani. Maombi hujaa Oktoba hadi Desemba, na kwa makubaliano ya taasisi nyingi halazimishwi mtu kujibu kabla ya tarehe 15 Februari. Ukipewa nafasi Januari na ukasukumwa ujibu kesho, una haki ya kuitaja tarehe hiyo kwa heshima.

Halafu kuna Mkutano Mkuu wa IAU, unaokuja kila baada ya miaka mitatu. Umoja huo ulianzishwa 1919, lakini ilibidi tusubiri mpaka Agosti 2024 ndipo mkutano wake ukafika Afrika, Cape Town. Unaofuata ni Roma, Agosti 2027. (Tarehe 2 ya mwezi huohuo jua litapatwa kikamilifu, na pale Luxor, Misri, giza litazidi dakika 6. Anayeweza kupanga safari ipitie huko, apange.)

Hatua ya tatu: barua ya mapendekezo

Ombi langu la kwanza la shule lilianguka kwa sababu nilimpa mwalimu wangu siku nne. Barua haikufika. Alikuwa na mitihani ya kusahihisha na sikumpa nafasi ya kunisaidia.

Mpe wiki nne. Mwandikie barua pepe moja yenye kila kitu: jina la shule, tarehe ya mwisho, mahali pa kupandisha barua, wasifu wako, zile kurasa tatu, na mistari mitano ya mambo anayoweza kuyashuhudia mwenyewe, kwa mfano "nilisahihisha kosa la vipimo kwenye jaribio la maabara la mwaka wa tatu". Mkumbushe wiki moja kabla, kisha siku mbili kabla. Wengi wetu tumelelewa kuona kumkumbusha mkubwa ni utovu wa adabu. Ukianza na salamu na shukrani, hakuna mwalimu atakayekasirika, na wengi hushukuru.

Hatua ya nne: ikisiri

Hapa ndipo nafasi nyingi hupatikana au hupotea. Ombi la ruzuku ya safari kwa kawaida husomwa pamoja na ikisiri, yaani muhtasari wa kazi yako (abstract), na ikisiri ni maneno 200 hadi 250 tu. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini kwanza mwambie mtu wa nyumbani kwa Kiswahili ulichokifanya. Ukishindwa kumweleza, bado hujakielewa.

Dhaifu huwa hivi: "Makundi ya nyota ni muhimu sana katika kuelewa ulimwengu. Katika kazi hii tutachunguza Kilimia kwa kutumia data za kisasa. Matokeo yatajadiliwa." Sentensi tatu, na bado sijui chochote.

Yenye nguvu: "Umbali wa Kilimia ulibishaniwa baada ya Hipparcos kutoa paseki 120 hivi. Tumechagua wanakundi kutoka toleo la tatu la Gaia kwa paralaksi na mwendo wao, na tunapata takriban paseki 135. Tunalinganisha mahali zilipo nyota zenye RUWE zaidi ya 1.4 na nyota nyingine za kundi, na tunaeleza jinsi uchaguzi wa mipaka unavyoathiri jibu." Baada ya hapo weka idadi ya nyota zako na kosa la kipimo chako. Namba bila kosa la kipimo humfanya mtaalamu aache kusoma.

Ukiulizwa kama unataka hotuba au bango (karatasi kubwa yenye kazi yako, inayobandikwa ukutani), weka alama kwenye vyote viwili. Bango lina faida ambayo wanaoanza huidharau: mtu anayesimama mbele yake amekuja kwa hiari, na mnaweza kuzungumza dakika kumi.

Hatua ya tano: pasi na viza

Omba pasi leo, kabla hujaomba nafasi yoyote. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Kwa Roma ya Agosti 2027, maana yake anza kutafuta miadi Februari. Barua ya mwaliko itaje nani analipa nini: tiketi, malazi, chakula, bima. Kadi ya njano ya chanjo iwe ndani ya pasi.

Hatua ya sita: ukiwa kule, na ukirudi

Kabla ya kusafiri, chagua watu watano ambao makala zao umezisoma kweli, na uwaandikie kwamba utakuwa na bango siku fulani. Watatu wakija, safari imelipa. Keti mbele. Uliza swali moja kila siku, hata kama sauti inatetemeka.

Tunza kila risiti na kila kipande cha tiketi ya ndege, kwa maana ruzuku nyingi hurudishwa baada ya safari na bila karatasi hizo hulipwi. Zipige picha jioni ileile. Na ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurudi, waandikie wale uliozungumza nao, kila mmoja kuhusu jambo mlilozungumza, ukimwambatishia mchoro aliouuliza.