Somo: Barua pepe ya kikundi bila kuwachosha wenzako

Orodha ya kikundi ina anwani moja, lakini unachotuma hapo kinaingia kwenye simu ya kila mwanachama, kuanzia Tukuyu mpaka Makambako, na kila mmoja anakilipia bando.

1. Mada ijieleze. "Habari" au "MUHIMU!!!" haimsaidii mtu. Andika "Mbegu ya viazi, Uyole: mwisho wa oda Ijumaa". Skrini ya simu huonyesha maneno machache tu, hivyo zao na mahali vitangulie.

2. Ingia kwenye jambo. "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" iachie barua za ofisini. Simu huonyesha mstari wa kwanza kabla barua haijafunguliwa, usiupoteze bure. "Wanakikundi, habari za kazi" inatosha.

3. Kujibu. Hapa ndipo vurugu nyingi huanzia. Orodha nyingine hupeleka jibu kwa wote, nyingine humrudishia aliyeandika peke yake, kwa hiyo soma anwani ya mpokeaji kabla ya kutuma. "Asante" na "Hongera" zimwendee mhusika. Kikundi cha watu 60 wakiandika "Hongera" kila mmoja, zinasambaa barua 3,600.

Unapojibu, bakiza mistari miwili mitatu unayoijibu, futa mingine, kisha andika chini yake. Gmail huficha maandishi ya zamani nyuma ya vinukta vitatu. Wengi hudhani hayapo, kumbe kila jibu linayabeba upya.

Jambo jipya liandikie barua mpya. Kufungua jibu la zamani na kubadili mada hakutoshi: jibu hubeba ndani yake namba ya barua iliyotangulia, na programu nyingi hupanga mazungumzo kwa namba hiyo. Swali lako la mbolea litafukiwa kwenye mjadala wa usafiri wa parachichi.

4. Viambatisho. Faili huongezeka kwa kama theluthi moja likisafirishwa, hivyo la MB 20 linaweza kukataliwa na seva (kompyuta inayopokea barua) yenye ukomo wa MB 25. Kwa jani lenye ugonjwa, picha mbili zinatosha: moja ya karibu, moja ya mmea mzima, zikiwa zimepunguzwa hadi pikseli 1,200 hivi kwa upana. Bei nazo ziandike ndani ya barua. Kufungua faili zima kwa ajili ya mistari mitano ni usumbufu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mafinga: Kaka, nikituma kwa wote kimakosa?
Jibu: Bonyeza "Tendua" haraka. Gmail hukupa sekunde 5. Kwenye mipangilio, ukitumia kompyuta, unaweza kuziongeza hadi 30. Zikishapita, nyamaza. Barua ya pili ya "samahani, puuzeni" ni usumbufu mwingine, labda kama ya kwanza ilikuwa na bei isiyo sahihi.

Mwanachama, Vwawa: Shikamoo mwalimu. Nikisafiri niwashe majibu ya kiotomatiki?
Jibu: Marahaba. Washa, ila chagua yaende kwa watu walio kwenye orodha yako ya anwani tu, na hakikisha anwani ya kikundi haimo. Mashine mbili zikianza kujibizana, sote tunaamka na barua lukuki.

Mwanachama, Tukuyu: Kujitoa je?
Jibu: Usituandikie sote "nitoeni". Kwa orodha iliyo Google Groups (huduma ya Google ya barua za vikundi), ongeza "+unsubscribe" kabla ya alama ya @ kwenye anwani ya kikundi, kisha tuma barua tupu. Itume kutoka anwani ileile uliyojiungia. Wengi hutumia nyingine, halafu wanalalamika kwamba bado wanapokea.