Kufunga vikombe vya kauri kwa safari ya basi kutoka Lubumbashi

Unapomtumia mteja wa Likasi au Kolwezi vikombe vya kauri, anza na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, yaani mkono wa kikombe: ziba kwa karatasi iliyokunjwa nafasi iliyo kati yake na kikombe chenyewe, jaza karatasi ndani, kisha zungushia kikombe chote tabaka kadhaa na kuzifunga kwa utepe wa gundi. Kutia kikombe kimoja ndani ya kingine ili kuokoa nafasi ni kosa kubwa, kwa sababu mtikisiko wa barabarani huvigonganisha. Vitenganishe kwa vipande vya katoni.

Katoni iwe ngumu, na ibaki na nafasi ya takriban sentimita 5 kila upande, itakayojazwa karatasi au mabaki ya vitambaa. Itikise kabla ya kuifunga. Ukisikia kitu kinacheza, ongeza.

Katika miezi ya mvua, hasa Novemba hadi Machi, ifunike kwa plastiki, kwani katoni iliyolowa hulegea. Andika kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba vitu vilivyomo huvunjika, kisha mtumie mteja picha ya mzigo pamoja na risiti.