Kuitunza na Kuirekebisha Friji Kuukuu ya Boti

Friji kuukuu ya boti inapoanza kushindwa kugandisha, wengi humwita fundi aongeze gesi, ilhali gesi haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua, ni kwamba inavuja mahali. Kwa hiyo gesi iwe jambo la mwisho kuguswa.

Anza na kasha lenyewe. Katika joto la Lamu, hasa wakati wa kaskazi, joto hupenya kutani usiku na mchana, na lile povu gumu la kuzuia joto likishanyonya maji kwa miaka, kompresa (pampu inayosukuma gesi) hata ikiwa mpya haitafua dafu. Bana karatasi kwenye mfuniko: ikichomoka bila kukwama, badilisha mpira. Kisha toboa tundu dogo upande wa nje, mbali na mabomba na nyaya, utazame kama povu limelowa. Likiwa limelowa na hutaki kubomoa ukuta, pachika mbao za povu zenye unene wa sentimita 5 kwa ndani na uzifunike kwa faiba. Kasha litapungua nafasi, lakini kasha dogo linaloshika baridi lina faida zaidi kwa samaki kuliko kubwa linalovuja. Barafu iliyoganda iyeyushwe kwa maji ya vuguvugu, kamwe isikwanguliwe kwa kisu, kwani bamba la kugandisha hutoboka upesi.

Pili, joto lililotolewa ndani ya kasha lipate pa kwenda. Mfumo unaopozwa kwa maji ya bahari huhitaji chujio safi na kipande cha zinki, ambacho huliwa na kutu badala ya mabomba, kibadilishwe kabla hakijaliwa nusu. Boti inayokalia matope maji yakupwapo, pampu yake hunyonya tope au hewa, na kwa boti ya namna hiyo napendekeza kuhamia kwenye upozaji wa feni, mradi hewa moto iwe na njia ya kutokea na chumvi ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari.

Umeme upimwe kwenye kompresa inapowaka, si kwenye betri. Katika mfumo wa volti 12, tofauti kati ya betri na kompresa ikizidi nusu volti, weka waya mnene zaidi na usafishe maungio yenye kutu.

Ndipo gesi. Mitambo ya zamani ilitumia R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiweka katika orodha ya gesi za kuondolewa. Ukihamia R134a, oili ya zamani ya madini haichanganyiki nayo, hivyo fundi abadilishe oili na kichujio cha unyevu, azibe uvujaji, kisha avute hewa yote kabla ya kujaza. Akikushauri R290 au R600a, fahamu kwamba gesi hizo huwaka na ni nzito kuliko hewa, zikivuja hutuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti, palipo na pampu na nyaya. Zikatae katika mtambo ambao haukuundwa kwa ajili yake.