Kamera ndogo ama DSLR: vile utapiga picha za kila siku hapa Kisumu zitoke poa

Kama uko na kamera imelala kwa droo, iwe ile ndogo ya mfukoni ama DSLR, ile kubwa ya kubadilisha lenzi, uliyoletewa na mtu kutoka majuu, itoe leo uichaji, maana kwa picha za kila siku, yaani watoto wakicheza, mama akipanga samaki, tuktuk zikigombania abiria, zote mbili zinatosha kabisa. Kinachoharibu picha nyingi huku kwetu si kamera, ni mwanga. Mtu anasimama Dunga, ziwa linang'aa nyuma yake, anga nyeupe, halafu picha inatoka maji yanapendeza na sura yake ni kivuli tu, hata macho huoni. Hiyo ndiyo turekebishe kwanza, mengine ni rahisi.

Kamera haijui nini iko mbele yake. Inapima mwanga wote inaouona halafu inautafutia katikati, si nyeupe si nyeusi. Sasa nyuma kukiwa na anga kali inafikiria mwanga umezidi, inapunguza kila kitu, na sura ya mtu wako inapotea nayo. Dawa ni ile batani yenye alama ya kujumlisha na kutoa, +/-. Lakini toa kamera kwa auto kwanza, ile ya kijani, kwa sababu kwa auto kamera nyingi hazitakuruhusu kuigusa, weka P, ambapo kamera bado inapima mwanga lakini inakubali uirekebishe. Kwa DSLR nyingi za bei ya chini unafinya +/- na kuzungusha kigurudumu, kwa kamera ndogo angalia kwa vile vitufe vya mshale huko nyuma ama ingia kwa menyu. Peleka +1, piga, angalia. Sura bado giza? Ongeza kidogo. Anga itakuwa nyeupe pe, sawa tu, wewe ulitaka mtu.

Na kinyume chake pia kipo, na hiki watu husahau: mtu mweusi akijaza fremu yote, ama amevaa suti nyeusi mbele ya ukuta wa giza, kamera inaona giza nyingi inaongeza mwanga, ngozi inatoka ya kijivu kama imepakwa poda. Shuka mpaka -0.3 ama -0.7. Mimi huangalia paji la uso na ncha ya pua kwa skrini, pale panapong'aa, pakishakuwa doa jeupe tupu lisilo na rangi ya ngozi ujue mwanga umezidi. Ngozi zetu ziko na rangi nzuri sana na inafaa zitoke vile ziko, si kufanywa nyeupe. Ukimaliza rudisha 0, la sivyo picha za kesho zote zitaharibika.

Saa nayo ni muhimu. Tuko karibu na ikweta, kwa hivyo saa sita saa saba mchana jua liko juu ya kichwa kabisa na macho yanakuwa mashimo meusi. Ukilazimika kupiga saa hizo usibaki uani, ingia mlangoni. Mwambie mtu akae ndani hatua moja kutoka kwa mlango ulio wazi, jua lisimguse, aangalie nje, na wewe usimame nje pembeni ya mlango usimzibie mwanga. Nyuma yake nyumba inakuwa giza tulivu, sura inapata mwanga laini, na machoni utaona kale kamraba ka mlango kanang'aa. Hata kamera ndogo ya zamani hutoa picha safi hapo. Chini ya mwembe pia ni sawa ila majani hutupa rangi ya kijani kwa ngozi na vidoa vya jua usoni, sogea pale kivuli kimejaa.

Jioni ndiyo tamu. Hapa Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na likishazama giza halikawii, uko na kama dakika 20 tu hivi. Kwa hivyo fika Hippo Point mapema, jua likiwa bado juu kidogo ya maji, upige watu wakiangalia jua, si wakilipa mgongo.

Kwa kamera ndogo, shida yake ni sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, kwa nyingi ni kama milimita 6 kwa 4.5 wakati ya DSLR za kawaida ni kama 22 kwa 15, eneo zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana usiku picha yake inajaa chengachenga. Izuie ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, isipite 400 ama 800, iegemeze kwa meza ama ukuta, na usivute zumu jioni kwa sababu lenzi ikivutwa hupitisha mwanga mdogo zaidi, tembea umkaribie mtu. Zumu ya dijitali izime kabisa, inakata picha tu. Faida yake ni kwamba inaingia mfukoni na watu hawaiogopi, sokoni Kibuye utapiga vitu ambavyo mwenye DSLR hatapata.

Kwa DSLR, ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo inatosha kuanza. Ukipata pesa kidogo nunua 50mm f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia), ni kati ya lenzi za bei rahisi na inafanya ajabu kanisani ama jikoni kwenye taa moja. Weka Av kwa Canon ama A kwa Nikon, ndipo wewe unachagua namba ya f, f/2 ama f/2.8, ISO 1600, fokasi kwa jicho la karibu, finya batani nusu kwanza ishike halafu umalizie. Msitu wa Kakamega pia ni giza hata mchana, huko ISO 3200 usiiogope, chengachenga kidogo ni afadhali kuliko nyani aliyetikisika.

Tuktuk na boda zikipita, weka Tv (Canon) ama S (Nikon), ambapo wewe unachagua muda wa kupiga, 1/30 ya sekunde, uifuate na kamera ikipita mbele yako na ufinye ukiendelea kuzunguka nayo. Nyingi zitaharibika, moja itatoka tuktuk iko safi na barabara yote nyuma imekuwa mistari, hiyo moja ndiyo unatafuta.

Halafu tafadhali omba ruhusa. "Mama, shikamoo, naomba nikupige picha moja ukipanga omena?" Akikataa, sawa, shukuru uende. Akikubali muonyeshe skrini, na ukimwahidi kumtumia kwa WhatsApp, tuma siku hiyo hiyo, usisubiri.

Ukinunua DSLR iliyotumika uliza shata, lile pazia la ndani linalofunguka ukipiga, imepiga picha ngapi (Nikon walipima shata ya D3200 mpaka 100,000), kisha piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa ya vumbi. Mulika lenzi na tochi ya simu pia, ukiona vitu kama nyuzi za buibui ndani hiyo ni fangasi, usinunue. Hewa ya ziwa iko na unyevu, kwa hivyo usifungie kamera kwa begi wiki nzima, iweke pahali pana hewa na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lenzi usiibadilishie barabarani kwa vumbi, ingia dukani ama ndani ya gari, kamera ikiangalia chini.