Kufungia mmenyuko ndani ya kifuko cha nano: anza na mlango, ukubwa baadaye

Watu wengi wakianza hii kazi ya kufungia mmenyuko wa kemikali ndani ya vifuko vidogo mno, swali lao la kwanza ni "nitengeneze kifuko cha nanomita ngapi" (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na mi naona hapo ndo wanapotea mapema, maana ukubwa utaurekebisha tu kwa filta, ila usipojua mlangoni, yani kwenye ukuta wa kifuko, anapita nani na nani anabaki, utapata vifuko vizuri sana kwenye darubini ya elektroni ambavyo havifanyi kazi yoyote. Kwa hiyo kabla hujashika chupa chukua karatasi uandike vitu vitatu: nini kinaingia, nini kinabaki, nini kinatoka.

Angalia bakteria wanavyofanya. Sayanobakteria wana karboksisomu, kijumba chenye ukuta wa protini tupu, hakuna mafuta hata kidogo, na ndani kuna enzaimu mbili (enzaimu ni protini inayoharakisha mmenyuko), RuBisCO inayonasa kaboni dayoksaidi, na anhidrasi ya kaboni. Bikaboneti inapenya ukutani, ikifika ndani anhidrasi inaigeuza kuwa kaboni dayoksaidi, na hiyo gesi inajaa pale pale ilipo RuBisCO, ambayo bila hivyo inadaka oksijeni kimakosa na kazi inaharibika. Salmonella nao wakitumia propanidioli wanaimenyulia kwenye kijumba kingine cha protini, sababu katikati ya safari inazaliwa aldehidi ambayo ni sumu kwa seli, sasa inazuiwa humo humo mpaka igeuzwe. Yani kazi yote iko kwenye ukuta.

Nasisitiza hili kwa sababu utasikia sana kwamba ukiweka enzaimu mbili karibu karibu mmenyuko unakwenda kasi. Fikiria mwenyewe, molekuli ndogo kwenye maji inatembea nanomita 100 kwa maikrosekunde chache tu, sasa kama ukuta hauizuii itakuwa imeshatoka zamani kabla enzaimu ya pili haijaiona. Ukaribu peke yake haukusaidii.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Feritini ni tufe la vipande 24 vya protini, uwazi wake wa ndani ni nanomita 8 hivi, ukishusha pH mpaka karibu 2 linaachana na ukirudisha 7 linajifunga tena, zuri sana kwa kukuzia chembe za chuma au metali nyingine ila usijaribu kulitia enzaimu kubwa, haitoshi. Polima, yani molekuli ndefu kama za plastiki, zinatoa ukuta mnene na mgumu, unadumu, lakini hata vitu unavyovitaka vinapita kwa shida na utalazimika kuutoboa. Kama ndo unaanza nakushauri liposomu, vifuko vya fosfolipidi (mafuta yanayojenga utando wa seli) ambavyo Alec Bangham na wenzake walivieleza Uingereza miaka ya 1960, ukuta wake una unene wa nanomita 4 au 5 hivi na vifaa vyake vinapatikana.

Unayeyusha lipidi kwenye klorofomu, ndani ya chemba ya kuvutia hewa na kwa vyombo vya kioo (klorofomu inakula plastiki nyingi na uchafu wake unaingia kwenye sampuli), unakausha kwenye flaski ya duara huku inazunguka mpaka ubaki utando mwembamba, afu acha kwenye vakyumu usiku kucha. Usiku kucha kweli, usikatishe, klorofomu iliyobaki itaua enzaimu. Kesho yake mimina bafa (maji yenye chumvi zinazotuliza pH) yenye enzaimu, tikisa taratibu, itakuwa kama maziwa mepesi. Gandisha na yeyusha mara 5 hivi ili enzaimu iingie zaidi, ila jaribu kwanza kama enzaimu yako inavumilia kugandishwa. Mwisho isukume kwenye filta ya nanomita 100 kwa sindano mbili, mara 11 au 21, namba witiri, ili iishie sindano ya upande wa pili na isichanganyike na ile ambayo haijachujwa.

Halijoto ichunge. Mi niliwahi kusukuma DPPC, aina moja ya fosfolipidi, kwenye joto la chumba, mkono unauma, filta ikapasuka na sampuli yote ikapotea, kumbe lipidi hiyo inalainika kuanzia 41°C na nilitakiwa kupasha kifaa kizima kwanza. POPC, fosfolipidi nyingine, inalainika chini ya sifuri, haisumbui.

Sasa hesabu ambayo wengi wanairuka. Nafasi ya ndani yenye kipenyo cha nanomita 100 ikiwa na molekuli moja tu, hiyo tayari ni ukolezi wa maikromola 3 hivi. Geuza: ukitia enzaimu ya maikromola 1, karibu vifuko vitatu kati ya vinne vitakuwa vitupu kabisa, hata ufanye kila kitu sawa. Ukipanda mpaka maikromola 10 vitupu vinashuka chini ya 5 kwa 100.

Enzaimu iliyobaki nje iondoe kwa safu ya Sepharose 4B (vijipunje vya jeli vinavyotenganisha vitu kwa ukubwa), vifuko vinatangulia kutoka vikiwa na ukungu, afu malizia masalia kwa proteinezi K, enzaimu inayokula protini, ambayo haiwezi kuingia ndani. Kisha pima kazi ya enzaimu mara mbili, vifuko vizima na vilivyopasuliwa kwa Triton X-100, aina ya sabuni. Kazi ikipanda sana baada ya kupasua, enzaimu ilikuwa ndani kweli na ukuta unazuia. Ila zima proteinezi kwa PMSF, kemikali inayoizuia, kabla ya Triton, la sivyo inakula enzaimu yako dakika ile ile inapotoka na utadhani vifuko vilikuwa vitupu. Kuvuja kunapimwa pembeni kwa kalseini, rangi inayong'aa, ijaze nyingi mpaka ijizimie mwanga yenyewe, ikianza kung'aa ujue inatoka.

Baada ya hapo ndo unafungua mlango. Alfa-hemolisini, protini ya bakteria, inatoboa tundu la nanomita 1.4 hivi pale penye wembamba zaidi, glukosi inapita, enzaimu inabaki. Na hapa rudi kwenye karatasi yako, mstari wa tatu. Nilipofungia glukosi oksidesi mmenyuko ulianza vizuri ukafa, nikahangaika na enzaimu siku nyingi, kumbe ni asidi ya glukoni inayotokana na glukosi. Kwenye kifuko kama hicho bafa ya milimola 50 ni molekuli 16,000 tu, enzaimu moja inayotengeneza asidi mia kadhaa kwa sekunde inazimaliza ndani ya dakika chache, na asidi haikuwa na pa kutokea kwa sababu matundu niliyoweka yalikuwa machache mno. Nikaongeza hemolisini, pH ikatulia na mmenyuko ukaendelea.