Mzigo "umefika" wapi? Somo la kutuma na kupokea kifurushi chenye namba na saini

Ugomvi mwingi wa wauzaji na wanunuzi wa mtandaoni ninaoletewa na wanachama wa kundi letu huanzia kwenye neno moja: "umefika". Muuzaji wa Kariakoo akisema mzigo umefika, ana maana basi limeingia stendi. Karani wa ofisi ya vifurushi ana maana uko kwenye rafu yake. Kwa mnunuzi haujafika mpaka aushike. Wote watatu wanasema kweli, na hela imekwama katikati.

Mimi yalinikuta mwaka juzi. Nilituma vitenge pisi nne Songea kwa basi. Daftari la ofisi likaonyesha mzigo umechukuliwa, saini ipo. Mteja wangu akaapa hajaona hata uzi. Nilipoomba picha ya ukurasa ule nikakuta saini ni mstari wa kalamu tu, hauna jina, na namba ya simu iliyoandikwa pembeni si yake. Ofisi ikasema kazi yao imekwisha. Nilimrudishia nusu ya hela. Yeye hakuridhika, mimi sikuridhika, na hatujauziana tena. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: kubalianeni mzigo ukipotea njiani ni wa nani, kabla hela haijatumwa. Hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo kubwa kuliko zote. Sheria yetu ya Tanzania ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ilifuata ile ya Waingereza ya 1893, na ya Kenya, Sura ya 31, ni ndugu yake. Msimamo wake ni huu: muuzaji akimkabidhi msafirishaji mzigo kama mlivyopatana, huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi, isipokuwa kama kuna makubaliano tofauti. Waingereza wenyewe wamemlinda mlaji zaidi: kwa Sheria yao ya Haki za Walaji ya 2015, mfanyabiashara hubeba hasara mpaka mzigo uwe mikononi mwa mnunuzi. Huku kwetu, dada mnunuzi, ukinyamaza unaweza kuhesabiwa umeshapokea mzigo ambao bado uko Chalinze.

Lakini muuzaji naye asitambe. Sheria hiyohiyo inamtaka apange usafiri unaolingana na aina ya bidhaa. Ukimpa dereva vyombo vya kioo ndani ya mfuko wa rambo bila stakabadhi, mnunuzi ana haki ya kukataa kwamba amekabidhiwa.

Mimi huandika hivi kwenye WhatsApp na kusubiri mteja ajibu "sawa": "Mzigo ni wangu mpaka uuchukue kwa kitambulisho ofisi ya Songea. Ukimtuma mtu, akishakabidhiwa yeye umekuwa wako." Ujumbe huo ni ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua. Usiufute.

Hatua ya 2: tofautisha ufuatiliaji na saini. Namba ya ufuatiliaji inaeleza kifurushi kimepita wapi. Saini inaeleza kuna mtu amekipokea. Moja haizibi pengo la nyingine. EMS, huduma ya haraka ya Posta, inakupa vyote viwili. Basi linakupa stakabadhi na namba ya simu ya ofisi ya mwisho wa safari. Basi silidharau, natuma nguo kwa basi kila wiki, lakini simu au kompyuta mpakato siwezi.

Hatua ya 3: rekodi ukifunga. Video moja isiyokatwa, kuanzia bidhaa ikiwa mezani mpaka gundi ya mwisho na jina la mpokeaji juu yake. Kisha pima uzito na umwombe karani auandike kwenye stakabadhi. Watu hupuuza uzito, na mimi naona ndio shahidi asiyeyumba: kifurushi kilichoondoka na kilo 2.4 kikifika na kilo 1.6, kuna mahali kilifunguliwa.

Hatua ya 4: jina liwe lile la kitambulisho cha NIDA. "Mama Junior" wako wengi.

Hatua ya 5: mtumie mteja picha ya stakabadhi siku hiyohiyo, namba zote zisomeke.

Hatua ya 6, yako mnunuzi: kagua kabla ya kusaini. Angalia gundi, pima, fungua mbele ya karani huku unarekodi. Saini inathibitisha umepokea boksi, haisemi ndani kulikuwa na nini, lakini ukishaitoa kila mtu atakuonyesha hiyo. Wakikukatalia kufungua, andika pembeni ya saini yako: "Sijakagua yaliyomo." Maneno mawili tu hayo yameshawaokoa watu.

Hatua ya 7: lalamika mapema. Mwenye stakabadhi, yaani muuzaji, ndiye afungue madai kwa msafirishaji. Akimwambia mnunuzi "fuatilia mwenyewe huko" amekwepa wajibu. Kwa vifurushi vya posta vya kimataifa, maulizo hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu siku baada ya kutuma. Kampuni ya vifurushi ikipuuza malalamiko yako ya maandishi, nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ndiyo inayotoa leseni zao.

Maswali ya wanachama

*Mnunuzi, Dodoma: Muuzaji kanipa namba ya EMS lakini haionekani popote. Nitajuaje kama kaitunga?*

Dada, namba ya posta ya kimataifa ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ilikotoka. Ya kwetu huishia TZ. Tarakimu ya tisa hupatikana kwa hesabu. Chukua nane za mwanzo, tuseme 47312482, uzizidishe kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumla ni 200. Gawa kwa 11, baki ni 2. Toa 2 katika 11, unapata 9, na hiyo ndiyo inayopaswa kufuata. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Isipolingana, namba ina kosa au imetungwa, omba picha ya stakabadhi kwanza kabla ya kumshutumu, maana kukosea tarakimu moja ni rahisi. Ikilingana, bado si uthibitisho kwamba ametuma.

*Muuzaji, Nairobi: Nilimuuzia mteja wa Marekani vyondo (vikapu) vya dola 800, kalipa kwa PayPal. Namba inasema vimefikishwa, yeye anadai hajapata.*

Kaka, kwa malipo ya dola 750 au zaidi PayPal inataka uthibitisho wenye saini, "kimefikishwa" pekee hakitoshi kukulinda. Muulize msafirishaji leo kama saini ilichukuliwa. Hakikisha pia ulituma kwenye anwani ileile iliyo kwenye muamala. Mteja akikuomba kwa ujumbe ubadilishe anwani, kinga inapotea.

*Mwanachama, Leeds: Nilituma kifurushi kwa "Signed For" ya Royal Mail, posta ya Uingereza, mnunuzi ananiita mwizi kwa sababu hakioni kikitembea.*

Pole sana. Huduma hiyo hutoa saini mwishoni, haifuatilii safari nzima. Mwandikie hivyo leo. Safari ijayo, akitaka kuona kila kituo, tumia Tracked au Special Delivery.

*Mnunuzi, Tanga: Mlinzi wa getini alisaini, mimi nilikuwa kazini. Simu ndani haimo. Namdai nani?*

Mama, inategemea mlichoandikiana. Kama muuzaji aliahidi "mkononi mwako", bado anadaiwa, na amdai msafirishaji. Kama ulisema "mwachie mlinzi", mzigo ulikuwa umeshakuwa wako. Hata hivyo usikate tamaa: boksi lipo bado? Usilitupe. Lipime na kila kilichobaki ndani, linganisha na uzito wa stakabadhi, piga picha gundi kila upande, kisha mpigie muuzaji jioni hii mkae upande mmoja.