Viti vya mistari: shona kwanza, kata baadaye

Ukitaka viti vya mistari minene, ile ya magari ya zamani ya Marekani, usikate reksini kwa kipimo cha kiti kabla ya kushona. Sponji ikibanwa na uzi, kila mstari unakula kitambaa. Kwa sponji ya nusu inchi na mistari ya inchi 2, kipande cha mistari 10 kinaweza kupungua inchi 2 au zaidi. Shona mistari 3 ya majaribio, pima kilichopotea, ndipo upige hesabu.

Nyuma ya sponji weka kitambaa chepesi, la sivyo uzi wa chini unazama na kuikata. Sindano namba 18, mshono wa milimita 4. Mafundi wengi hubana mshono wakidhani ndio uimara, kumbe matundu yakikaribiana reksini inachanika papo hapo kwenye mstari mtu mzito akikaa. Anza katikati kwenda pembeni, na mistari yote ishonwe kuelekea upande mmoja, vinginevyo kipande kinapinda.

Uzi uwe wa polista. Pamba huozeshwa na jasho na unyevu wa hapa Mombasa. Nailoni ni imara sana, lakini gari likishinda juani hudhoofika mapema kuliko polista.

Gundi ya kubandikia paka pande zote mbili zitakazogusana, usubiri hadi isinate kidoleni. Wakati wa masika ikifanya ukungu mweupe, huo ni unyevu: usibandike, iache ikauke kabisa kisha upake tena.